Mawe Uliyoyaosha Juzi

Namatala, Mbale
Jumapili, baada ya Alasiri

Kaltuma,

Nimetafuta salamu nzuri ya kuanzia barua hii nikaikosa. Salamu nzuri hutoka kwenye moyo uliotulia, na wangu tangu asubuhi unachemka. Basi pokea hii: mama yako ni mzima, ana hasira, na anakupenda. Habari hizo tatu zipange upya utakavyo, hutakuwa umekosea.

Umekwenda kuwaaga majirani na wenzako wa madrasa. Hutarudi upesi, maana kila mlango utakaobisha utapewa chai, na wewe chai hujui kuikataa. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Jinja kuanza masomo ya uuguzi. Nami nimeketi kwenye kigoda mbele ya tangi la samaki, karatasi magotini, nikiandika mistari miwili, nikisimama kuchota maji, nikiketi tena. Ukiona wino umetapakaa ujue ni maji. Silii.

Samaki wanakufa. Hiyo ndiyo habari, na nimeshindwa kuitoa kinywani siku nzima. Asubuhi nilikuta wawili wamegeuza matumbo juu. Sita waliobaki wamekuja juu kabisa, wanahema haraka haraka, na maji yamefanya ukungu kama yaliyosuuziwa mchele. Umepita hapa leo mara nyingi tu ukiimba, hukuona kitu, kwa sababu nilitupia leso juu ya tangi. Uliniuliza mbona nimelifunika. Nikasema jua. Jua gani linaingia chumba hiki, Kaltuma? Ungekuwa husafiri kesho ungenishika uongo palepale.

Nitakuambia ulichofanya, kisha nitakuambia kwa nini si kosa lako, na katikati nitakasirika kidogo.

Juzi uliamka na ndoo. Ukasugua sakafu, ukafua mapazia, ukafuta hata mgongo wa kabati ambao hakuna mgeni atakayeuona mpaka siku ya Kiyama. Sikukuzuia. Mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha, kama nilivyofundishwa na mama yangu: msichana wa Kinubi hatoki kwao akaacha vumbi nyuma yake, watu wasije wakasema aliyeondoka alikuwa mzigo. Usafi ni nusu ya imani, nasi Wanubi ile nusu nyingine nayo tunaisugua. Nilikuacha na ndoo yako nikaenda sokoni, tena nikitembea kwa maringo kwamba nimelea.

Niliporudi nikakuta lile debe la juu ya tangi limeanikwa uani. Mawe yake umeyapanga juu ya gunia, meupe, makavu, yananuka jiki. Ukaniambia kwa furaha, “Mama, nimekuoshea hata haya mawe. Yalikuwa na utelezi, yananuka tope. Nimeyachemsha kwanza.”

“Ahsante, mwanangu,” nikasema. Kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani na kikapu cha nyanya mapajani.

Asiyejua maana haambiwi maana, ndivyo watu wasemavyo, na mimi nausema sana msemo huo. Leo umenirudia vibaya. Tangu ulipokuwa na kimo cha meza kazi yako ilikuwa kuchota maji ya tangi kwa kikombe, asubuhi na jioni, na kuyamwaga juu ya lile debe lenye matundu, yapite kwenye mawe na kipande cha sponji, yadondoke tena kwa samaki. Ulidhani debe linazuia takataka kama kichujio cha chai. Nilikuacha udhani hivyo. Ulipouliza kwa nini hatuyabadilishi mawe, nilisema, “Mwaga maji, acha maswali.” Mtoto aliyefundishwa kuacha maswali akiona mawe machafu atayaosha. Angefanya nini kingine?

Sasa nikueleze, ingawa nimechelewa.

Baba yako Farajala alikuwa mtunza stoo katika ofisi ya samaki kule Jinja. Hakuwa mwanajeshi. Nalisema hilo kwanza kwa sababu huko uendako wapo watakaosikia Mnubi wakaona bunduki. Alikuwa mtu wa kuhesabu nyavu na mapipa, mpole, mwenye kuudhi. Tulikaa Walukuba, katika zile nyumba za wafanyakazi. Tangi la kule, si hili nililoundiwa na fundi wa hapa Namatala, alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya dirisha na vyuma vya pembe, akaziba maungio kwa lami, na nyumba yangu ikanuka lami msimu mzima. Samaki aliwatoa Masese, pale ziwani wavuvi wanaposhukia. Ni hawahawa nkejje, wale wadogo ambao upande wa Kenya huitwa fulu. Wanawake wa Masese walizoea kuwauza wakavu, wamepangwa kwenye vijiti. Walipomwona mtu anataka walio hai wakacheka, wakamwambia, “Bwana, huyu hata mchuzi hana.”

Wale wa kwanza walikufa wote. Tangi jipya, kioo kinang'aa, maji safi, mawe niliyoyasugua mwenyewe kwa brashi. Hawakumaliza wiki. Nilimwambia amewalisha vibaya. Siku kadhaa akawa anawauliza wakubwa wake kazini nadhani, kisha akarudi kutoka Masese na karai la mawe yenye kijani na utelezi, yametoka majini palepale ufukweni. Akataka kuyaingiza ndani.

“Hayo yaoshwe kwanza,” nikasema.

“Hapana, Zaituni. Haya yana watu.”

“Watu gani?”

“Wadogo. Hawaonekani. Bakteria.”

Nikamwambia bakteria nyumbani kwangu siwataki, na kama ni wageni wake akalale nao nje. Akacheka, akaketi, akanieleza taratibu kama vile tulikuwa na siku nzima. Samaki anakula na kujisaidia mlemle anamolala. Anachotoa ni sumu kwake mwenyewe. Ziwani haimdhuru kwa sababu maji ni mengi, lakini ndani ya vioo vinne itamuua. Juu ya mawe kuna wadudu ambao chakula chao ni sumu hiyo. Wakiila huacha sumu ya pili. Basi kuna kabila lingine linalokula hiyo ya pili na kuacha kitu kisicho na ukali, na hicho ndicho unachokipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kila baada ya muda. Hawaogelei huku na huku wakifanya kazi hiyo. Wamejigandisha kwenye mawe, na ule utelezi ndio makazi yao. Wanataka hewa, ndiyo maana maji yanadondoshewa debeni, na wanataka kukaa na unyevu. Ukiwakausha, ukiwachemsha, au ukiwamwagia dawa, wamekwisha. Na kuwarudisha si kazi ya siku mbili.

“Kwa hiyo uchafu ndio unawaweka hai?” nikauliza.

“Uchafu wenye wenyewe,” akasema. Ndivyo alivyokuwa, anakupa jibu lililokaa kama fumbo halafu anaomba chai.

Nilikubali kwa shingo upande. Samaki wakaishi. Wakazaana. Jike wa nkejje, kama ulivyoona mwenyewe, huyaweka mayai mdomoni, na watoto hukaa humo mpaka waweze kujitegemea, naye muda wote huo hali. Ninaye mmoja sasa hivi, yule mwenye pezi lililochanika, mashavu yamejaa. Anahema kwa shida na hajawatema. Sitakutolea mfano wowote hapo. Unanijua, nikianza sitanyamaza.

Kisha serikali ikaanguka, na kwa kuwa wanajeshi wake wengi walikuwa Wanubi, sisi sote tukahesabiwa watu wake. Wewe ulikuwa wa kubebwa mgongoni. Sitakuandikia yote, na mengi sikuyaona kwa macho kwa sababu tulijifungia. Nilichosikia kinatosha. Nilisikia vijana tuliowajua kwa majina wakipita nje wakiwaonyesha wengine: hii ya Mnubi, hii si ya Mnubi. Baba yako akasema mimi na wewe tutangulie Mbale. Yeye atabaki kuangalia nyumba siku chache, vurugu zikipoa atatufuata.

Nilikuwa na cherehani, Kaltuma. Cherehani ya miguu, niliyoipata kwa kushonea nusu ya Walukuba. Kichwa chake kingebebeka. Nilikuwa nimeshakifungua na kukifunga kwenye shuka. Baba yako akaniletea jerikani lenye samaki wanne, na hili debe limejaa mawe, limefunikwa gunia bichi. Akasema nibebe haya.

“Na cherehani?”

“Cherehani inanunuliwa. Hawa hawanunuliwi.”

“Farajala, watu wanabeba magodoro. Watu wanabeba watoto. Mimi nitoke na debe la mawe?”

“Wasikauke tu,” akasema.

Mpaka leo hasira ile ninayo. Nimeizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Ningebeba kichwa cha cherehani tusingelala njaa mwaka ule wa kwanza. Yeye alidhani tunahama siku chache, na akanipa kitu ambacho hakistahimili siku chache bila mtu. Nilimwambia kwamba amerogwa na samaki, kwamba hana akili ya mume. Nikachukua debe kwa sababu hapakuwa na muda wa kugombana zaidi. Sikumpa mkono. Alisimama mlangoni, nikageuza uso.

Hatukumwona tena. Jirani mmoja aliniambia baadaye kwamba walimchukua nyumbani. Mwingine akasema hapana, alionekana Masese akipanda mtumbwi, huenda alivuka. Nimezibeba habari zote mbili miaka yote hii na hakuna iliyoishinda nyingine. Nimechoka na kutojua. Nalisema wazi, nimechoka sana.

Njiani kabla ya Tororo tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari kijana akagonga debe kwa mtutu.

“Wewe mama, hii iko na nini?”

“Mawe, afande.”

“Mawe? Watu nakimbia na pesa, wewe nakimbia na mawe? Dhahabu iko wapi?”

“Ni mawe ya samaki tu, afande.”

Akalipindua debe barabarani. Akayatawanya kwa kiatu, akainama, akaokota moja akalinusa. Kisha akawaita wenzake, “Kujeni muone. Mnubi naiba mpaka mawe.” Wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Nadhani kicheko kile kilituokoa, maana aliyecheka hivyo anachoka kupiga. Akaniambia, “Chukua takataka yako, enda.”

Nikapiga magoti kwenye lami ya moto nikayaokota, wewe mgongoni unalia. Yalikuwa yanaanza kukauka. Maji ya jerikani yalikuwa machache, ya samaki; nilikuwa na chupa moja ya maji, ya kwako ya kunywa, nikayamwagia mawe. Ulilia kiu mpaka Tororo. Sijui kwa nini nilifanya vile. Debe lenyewe nililichukia. Lakini alikuwa amesema yasikauke, na mimi nilikuwa nimeondoka bila kumpa mkono, na sikuwa na njia nyingine ya kumjibu.

Basi hayo ndiyo mawe uliyoyachemsha juzi.

Usilie. Nilitaka ujue, sikutaka ulie. Ningekuambia haya ukiwa na miaka kumi ungekuwa unayalinda kuliko mimi. Lakini tulipofika Namatala nilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa natusafisha. Mwenye chumba, mama mmoja wa Kigisu mwenye huruma, aliuliza sisi ni watu gani. Nikasema Wasoga Waislamu. Gurbaba zangu, zile nguo za kujifunga za kwetu, nilizikata nikashona foronya kwa mkono. Makawa ya rangi ya kufunikia chakula, aliyonisukia mama yangu, nilikuwa nimeyaacha Jinja, na sikusuka mengine, ingawa ukili ulikuwa mkononi na vidole vilijua. Na wewe ulipoanza kutamka maneno ya Kinubi nilikupiga kofi mdomoni. Dogo tu. Ukaacha. Siku hizi tukienda Bombo kwa bibi yako mnasalimiana kwa Kiswahili kama watu waliokutana ofisini, naye hunitazama mimi.

Hatari ilikuwa ya kweli. Sijutii kujificha. Kinachonikera ni kwamba hatari ilipita na mimi nikaendelea kusugua. Hakuna aliyeniuliza tena sisi ni watu gani, nami bado nilikuwa na brashi mkononi. Hivi unajua kwamba mwenye chumba alijua siku zote? Aliniambia mwaka jana tu, tukichambua mboga. “Msoga gani anatia wali rangi na kunukisha udi vile?” Nikacheka naye, halafu nikarudi ndani nikiwa nimeudhika kweli. Miaka yote hiyo ningeweza kusuka.

Na amani yenyewe ilipokuja haikuja kwa upole. Katika ile miaka ya taabu mifereji ilikuwa mikavu, tukichota chemchemi, na samaki wakaishi vizuri tu. Kisha mabomba yakaanza kutoa maji tena. Mtaa mzima ulishangilia. Mimi nikajaza tangi mpaka juu kutoka kwenye bomba, maji meupe, nikasema leo nao wapate ya serikali. Kesho yake zaidi ya nusu walikuwa wamekufa. Ile dawa ya kuulia vijidudu iliyotiwa kwenye maji ya watu iliwaua pia wale wa kwenye mawe, na ikawaunguza samaki mashavu. Niliikasirikia serikali kwa kutupa maji safi. Nilizunguka na hasira hiyo sokoni na sikuweza hata kumweleza mtu, maana nani angenielewa? Tangu hapo ndipo unaona yale mabeseni yamepangwa uani siku nzima, maji yapumue, dawa iondoke, kabla hayajaingia tangini. Ulidhani ni uzee unaniingia. Ni somo, nililipia.

Wale wadudu wachache waliosalia hai kwenye mawe walijirudisha wenyewe, taratibu. Nilikuwa nalisha samaki punje mbili tatu tu, nabadilisha maji kidogo kidogo, nangoja. Wewe ulikuwa unanung'unika kwamba nawanyima. Ningewalisha zaidi sumu ingezidi walaji. Hapo ndipo nilipouona ukweli wa baba yako, na nikaudhika kwamba hayupo nimwambie alikuwa sahihi. Yeye angependa sana kusikia neno hilo, hasa kwangu.

Safari hii ni mbaya zaidi, kwa sababu umefanya kazi yako vizuri mno. Kuchemsha, jiki, na jua. Hakuna aliyebaki juu ya mawe yale. Na samaki wenyewe hawapatikani tena. Nilimuuliza Nabirye, yule mama wa Kisoga anayeleta samaki wa kukausha soko letu kutoka Masese, kama anaweza kuniletea nkejje hai wa aina hii, wenye mkia mwekundu. Akaja akachungulia tangini, akashika kiuno.

“Mama Kaltuma, hawa mimi naona mara ya mwisho nikiwa msichana. Sasa pale ni mputa tu. Mputa imekula yote.”

Mputa, yaani sangara, alitiwa ziwani akawa mkubwa kuliko watu waliomtia, na hao wadogo akawala. Huenda wapo mahali fulani kwenye miamba ambapo Nabirye hafiki. Sijui. Ninachojua ni kwamba sita hawa, pamoja na hao walio mdomoni mwa mama yao, ndio ninao.

Huko uuguzini watakufundisha kuua vijidudu. Wafundishwao vizuri wanaokoa watu, nawe ujifunze kwa bidii. Mgonjwa mwenye kidonda asikutane na mikono michafu ya binti yangu. Sijapata wazimu wa kutetea kila kiroboto. Lakini wewe una mkono wa kusugua, umeurithi kwangu, nami kwa mama yangu. Watakapokuuliza huko wewe ni nani, na watakuuliza, maana jina lako na sura yako havifichi, sema Mnubi. Sema palepale kabla hujapata muda wa kufikiri. Wakikunja uso, ni uso wao. Mimi nilijibu vingine na nikapata chumba cha kupanga, na kwa miaka kumi na mitano nikaishi ndani yake kama mgeni anayeogopa kuvunja kikombe.

Nimesimama kidogo kubadilisha maji. Nimetoa nusu, nimerudishia ya beseni lililolala uani. Wamekubali kushuka chini kidogo, isipokuwa mmoja. Nitafanya hivyo tena ukishalala, na alfajiri.

Sasa nifike kwenye lile ulilolingoja, ingawa hukulisema tena baada ya Alhamisi.

Uliniomba nikusindikize Jinja. Ukaniomba tena. Ukasema wasichana wote wanafikishwa na mama zao, na kwamba ungependa nikuonyeshe ile nyumba ya Walukuba hata kwa nje tu. Nikasema mgongo unaniuma. Ukasema utanikodia baiskeli ya boda kutoka stendi, nisitembee. Nikasema mgongo haupendi baiskeli. Ndipo ukaacha kuniomba, na kesho yake ukaamka na ndoo. Sikuviunganisha viwili hivyo mpaka leo mchana, mbele ya tangi. Kumbe ulikuwa unaniachia nyumba safi badala ya kunilazimisha. Hilo limeniumiza kuliko samaki.

Mgongo wangu hauna kitu. Tangu siku ile sijakanyaga Jinja. Bombo tukienda nalala njia nzima, au najifanya nimelala, leso usoni mpaka daraja la Jinja lipite, na wewe kwa adabu zako hukuwahi kuniuliza. Naogopa nikiona mlango ule nitamwona amesimama na mimi nageuza uso. Naogopa zaidi kwamba nitaukuta umepakwa rangi nyingine, kuna mtoto wa mtu anakula uji kizingitini, na hakuna chochote kilichosimama pale.

Leo asubuhi nilipowatoa wale wawili waliokufa nilikuwa na maneno tayari ya kukuambia. Makali, yamepangwa. Nilisikia mlango wa chumba chako ukifunguka nikayatayarisha mdomoni. Ukatoka na kichana kwenye nywele, ukasema, “Mama, umeamka salama?” Nikatupa leso juu ya tangi. Nimeshawahi kumwacha mtu mlangoni kwa ajili ya mawe haya. Mara ya pili siwezi.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako uisome alfajiri, kwa sababu haya siwezi kuyasema garini watu wakisikiliza, na wewe ukianza kulia na mimi nitaanza.

Samaki hawa wanahitaji mawe yaliyo hai, na mapema. Kwa hiyo kesho uniwekee nafasi pembeni yako. Usifurahi mbele za watu, na usimwambie mtu kwamba nakusindikiza. Nakwenda Masese kuchukua mawe yenye utelezi, nitayafunga kwenye gunia bichi, nirudi jioni. Kama tutapita Walukuba ni kwa sababu iko njiani.

Na najua kwamba mto Namatala uko hapa chini, nafika kwa miguu kabla chai haijapoa, na kwamba umejaa mawe. Usiniulize.

Mama yako,
Zaituni